Siku Niliyomkemea Bwana wa Unga

Wapendwa, nawasalimu. Mnaoweza kuinua mikono, inueni. Mimi nainua huu mmoja, unatosha kwa yote miwili.

Nimeombwa nisimame kwa sababu leo tuko na wenzetu wapya. Mmoja amekuja na magongo, mwingine ameshikwa mkono na binti yake. Na nimewasikia pale nyuma wakinong'ona, "Tukionekana tunafanya kazi, si tutakatwa msaada?" Ndugu zangu, nawaambia, hiyo hofu naijua. Nimeilea kama mtoto. Wacha niwaambie ilinifikisha wapi.

Kwetu hapa radi si mgeni. Mvua ya alasiri ikianza kunguruma, kila mama anaita watoto waingie ndani. Miaka ile chai ilikuwa bado mpya kwetu, miche yetu ilikuwa imeanza tu kuchumwa. Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa wimbi. Sikusikia mlio huko juu, nilisikia kama umepasukia ndani ya kichwa changu. Nilipofungua macho nilikuwa nje nimelazwa juu ya majani ya mgomba, watu wamenizunguka na hakuna anayetaka kunigusa. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala hapo kando yangu. Nikamuuliza bwanangu, "Huu mkono ni wa nani?" Akageuka upande akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Mkono haukurudi. Uko, mnauona, lakini nikiushika ni kama nimeshika wa jirani. Na bwanangu naye ni mtu wa kifua, kazi nzito haiwezi. Basi kanisa likatupeleka kwa ofisi moja ya msaada kule Kisii, nikaandikwa. Kila mwisho wa mwezi gari lao lilikuja soko la Keumbu na unga na maharagwe, na karo ya watoto wakalipa. Tulipanga mstari, na yule wa kuita alipaza sauti soko lote lisikie: "Wasiojiweza, huku!"

Wasiojiweza. Sikilizeni vizuri hilo neno, maana lilikuwa na meno. Kulikuwa na baba mmoja kwenye mstari wetu, mguu mmoja mfupi. Siku moja alionekana soko la Daraja Mbili amebeba mkungu wa ndizi begani. Mkungu mmoja tu! Mwezi uliofuata alifika na gunia lake, akaambiwa, "Wewe unajiweza. Toka." Mbele ya watu wote. Alikunja lile gunia polepole, akaliweka kwapani, akaondoka akichechemea. Watoto wangu walikuwa wanakula kwa ule unga, hatukuwa na mlango mwingine.

Tangu siku hiyo nikakaa. Nawaambia ukweli, nilikaa kitako. Nilikuwa na mkono wa kulia mzima kabisa, na sikuthubutu kufagia uwanja mtu akipita njiani. Chai ikapanda juu ikawa kama msitu. Mama mkwe wangu, omong'ina, bibi mzee ambaye mgongo umepinda, alikuwa akichuma kidogo na kuniangalia.

"Mke wa mwanangu," aliniambia, "radi ilipiga mkono ama ilipiga makalio?"

Mnacheka. Mimi sikucheka.

Sasa ndipo akaja kijana mmoja wa ile ofisi. Mtu wa pwani, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Watoto walimpa jina Bwana wa Unga. Akatukusanya pale Keumbu, akachagua wachache kwenye mstari, na mimi nikiwa ndani. Akasema, "Ninyi tumewachagua tuwajaribu. Fanyeni kazi yoyote mnayoiweza, na unga mtaendelea kupata vilevile."

Ndugu zangu! Ametuchagua atujaribu? Anasema wazi hivyo, bila aibu? Mimi Kiswahili nilikijulia kanisani, na kanisani kujaribiwa ni kitu kimoja tu. Kila siku tunamwomba Mungu atuepushe na majaribu, na huyu ameyaleta kwa gari! Nikaona picha yote: nishike kazi, waniambie unajiweza, nitupwe kama yule baba.

Nikasimama. Nikainua huu mkono mmoja. "Shindwa!" nikapiga kelele. "Ibilisi alikuja na mkate, na wewe umekuja na unga! Shindwa kabisa!"

Hata wauza ndizi walinyamaza, na mnawajua. Kijana akanisogelea.

"Mama, tafadhali, keti..."

"Siketi na mjaribu!"

Wengine tuliochaguliwa nao wakainuka, mmoja mmoja. Nani angekubali baada ya hayo? Kijana akafunga gari lake akaenda.

Nyumbani nilijiona shujaa wa imani. Mama mkwe alijitwika kikapu chake akaenda kwenye chai.

Wakati ule nilikuwa nimeanza ngumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima pale kanisani. Mwalimu wetu alikuwa mama kama sisi. Nikasimulia darasa lote jinsi nilivyomkemea yule kijana. Nilitarajia wapige makofi. Mwalimu akaweka chaki chini.

"Mama," akasema, "ukienda Daraja Mbili kununua rinda, unafanya nini kabla hujatoa pesa?"

"Nalijaribu."

"Unalijaribu ili lianguke dhambini?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mimi nikasema, "La, nalijaribu nione kama linanitosha."

Halafu akaandika ubaoni maneno mawili, *majaribu* na *majaribio*, akaniambia nisome. Nikasoma. Nikasoma tena. Nikashika dawati. Kumbe yule kijana hakuja kunitega! Alitaka kuona kama kazi inanitosha. Na mimi nimemwita Ibilisi mbele ya soko lote, na nimewasimamisha wenzangu wote!

Kesho yake nilishika njia ya Kisii kwa miguu. Nilipoingia ofisini yule kijana alirudisha kiti chake nyuma.

"Mama, leo pia nishindwe?"

Nikamwambia, "Mwanangu, nilisikia majaribu. Wewe ulikuwa na maana ya majaribio."

Alishika kichwa. Akacheka mpaka machozi, kisha akaacha kucheka. "Hivi tumekwenda kila soko," akasema, "na kila soko watu wametukimbia. Hatukujua kwa nini."

Nilianza na chai yetu. Mama mkwe alinifunga kikapu mgongoni, nikachuma kwa mkono mmoja, majani mawili na chipukizi, polepole kama kuku anayedonoa. Mchana kutwa nilikuwa natazama njiani, nione nani anapita. Mwisho wa mwezi nikaenda Keumbu na gunia langu, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu wa chai, nikavificha chini ya leso. Nikasimama nyuma kabisa. Nilikuwa najua nitatolewa. Nikaitwa. Kijana akasema, "Nionyeshe mkono, mama." Nikautoa. Akautazama ule weusi, akanijazia gunia langu.

Nilishindwa kulibeba. Si kwa uzito. Nilikaa juu yake nikalia.

Basi wale wenzangu walioinuka nikaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia. Mmoja akaanza kushona, mwingine kufuga kuku. Na ofisi ilipoona kwamba hakuna aliyekuwa mvivu, tulikuwa waoga tu, ile sheria yao ya kumtoa mtu kwa sababu ameonekana amebeba kitu wakaiondoa. Yule baba wa mkungu wa ndizi akaitwa arudi. Simtaji, lakini yuko hapa ndani, na amekalia lile gunia lake.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu aliyeweka chaki chini, na yule kijana aliyekubali kutukanwa akabaki kijana mwema. Mama mkwe wangu amelala katika Bwana sasa, lakini kikapu chake bado nakibeba.

Nanyi wapya, nawaambia hili tu. Mkisikia neno linawatisha, msikimbie kabla ya kuuliza maana yake. Na kesho asubuhi, mwenye magongo na wewe mama usiyeona, njooni kwangu. Chai imeiva. Tutaijaribu pamoja, tuone kama inawatosha.