Afande Milimita, Msoma Mvua wa Kiganjo

Waombolezaji wenzangu, Mama Nasirumbi mjane wa marehemu, watoto, wazee wa kanisa, maafande mliostaafu na mlio kazini, karatasi kama hii kwa kawaida husomwa na mtu wa ukoo mwenye sauti nzuri, lakini marehemu aliacha agizo, na familia imelikubali, kwamba isomwe na Ngendo, mkewe Mwai, mkulima wa viazi kutoka Timau, ambaye si ndugu yake wala si wa kabila lake, na kwamba kisirukwe kitu, hasa lile jambo la Timau. Sababu mtaisikia mahali pake. Ngendo mwenyewe humu ataitwa Ngendo, kama wengine wanavyoitwa kwa majina yao, maana historia ni ya mwenye jeneza, si ya anayeisoma.

Sajini Mstaafu Maxwel Ogutu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953 huko Ugenya, mtoto wa nne kati ya saba, siku ambayo, kwa maelezo ya mamake, upepo uling'oa paa la jikoni na kulitua kwa jirani likiwa zima, na ingawa maisha yake yote marehemu hakukubali habari ya mvua wala upepo bila kipimo, hii moja aliikubali hivyo hivyo, kwa kuwa aliyeisema ni mama.

Alisoma shule ya msingi pale nyumbani kuanzia 1961 hadi 1967, akaendelea hadi kidato cha pili mwaka wa 1970, akafundisha kwa muda bila cheti, kisha tarehe 3 Juni 1974 akafika chuo cha polisi Kiganjo akiwa na blanketi moja na sanduku la mbao. Ilikuwa msimu wa mawingu, akakaa siku nane bila kuuona Mlima Kenya, akawaandikia watu wa Ugenya barua kwamba huku wanadanganya wageni, hakuna mlima wowote. Siku ya tisa mawingu yakafunguka alfajiri, akasimama kuutazama mlima mdomo wazi mpaka akaadhibiwa kwa kuchelewa gwaride. Barua ile bado iko, Mama Nasirumbi anayo, na wakigombana aliitoa kabatini.

Alihudumu Isiolo na Nanyuki, akarudi Kiganjo mwaka wa 1983 kuwa mkufunzi wa gwaride, na mwaka wa 1985 akakabidhiwa, juu ya kazi yake, kile chombo cha kupima mvua kilichokuwa nyuma ya ofisi, kazi ambayo wenzake waliikimbia kwa sababu lazima usome kila siku saa tatu asubuhi, kuwe na likizo, kuwe na Krismasi. Yeye aliishika kama bunduki. Makurutu wakambandika jina la Afande Milimita, wakamwigiza wakiamuru mawingu yageuke kushoto, naye alijua, akawaacha. Alistaafu tarehe 30 Juni 2008, akajenga hapa hapa Kiganjo, na kabla nyumba haijawekwa milango, kipima mvua chake mwenyewe kilikuwa kimesimama uani ndani ya ua wa seng'enge, ng'ombe wasije wakajikunia.

Alifunga ndoa na Nasirumbi, mwalimu, tarehe 12 Desemba 1981 kanisani Bungoma, mvua ikapasua turubai katikati ya chakula, watu wakakimbilia darasani, na picha pekee iliyotoka vizuri siku hiyo inamwonyesha bwana harusi akiwa nje na suti, ameshika kikombe cha chai juu kuona kitajaa kwa dakika ngapi. Mama Nasirumbi husema siku hiyo alijua ameolewa wa pili, wa kwanza ni mvua. Walijaliwa watoto watatu, Risper mwaka wa 1983, Omondi mwaka wa 1986 na Adhis mwaka wa 1991, nao wakawaletea wajukuu watano.

Mwaka wa 2015 Risper alimnunulia babake simu ya kisasa, na hapo ndipo wengi wetu tulipomjua, maana tarehe 2 Machi 2016 alianzisha kundi la WhatsApp la Mawingu ya Mlima, likajaa watu mia mbili hamsini na sita, kuanzia Kenol hadi Timau. Jamani, kundi lile! Upepo ukivuma tu, kabla hata mtu hajatoa nguo kwenye kamba, picha zimeanza, huyu amepiga wingu jeusi juu ya hospitali, yule amejaza mvua ya mawe kwenye glasi na kumwagia sharubati, mwingine ameandika, "Mabati ya nani hii imepita hapa ikienda Karatina? Mwenyewe apige simu." Wangui, mtangazaji wa redio mjini Nyeri, alisoma takwimu za marehemu kila asubuhi kabla ya taarifa, na watu walipanda mahindi kwa kumsikiliza yeye.

Lakini pia palikuwa na waongo, watu wa kuokota picha za mafuriko ya nchi nyingine na kusema ni Mweiga, na marehemu hakuwa na subira nao hata kidogo. Akaweka sheria, kwamba ukipiga picha ya mvua ya mawe, weka kiberiti kando ya jiwe ili ukubwa uonekane, na useme saa na mahali, bila hivyo picha haihesabiki. Sheria ilikuwa nzuri, watu waliifuata hadi wanawake wakawa wanatembea na kiberiti mfukoni na hawavuti sigara, na kila alipomkamata mwongo aliandika maneno mawili, "Si yetu," kundi zima likacheka.

Sasa ndilo jambo la Timau, nalo litasomwa lote.

Tarehe 26 Aprili 2018, siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, mvua ya mawe ilipiga upande wa juu wa Timau kwa dakika ishirini, na uzito wake pamoja na upepo ukaangusha ghala la viazi la Mwai, Mwai na Ngendo wakiwa ndani. Boriti ilimkalia Mwai mguu wa kulia, na Ngendo alibanwa mkono wa kulia, akabaki na wa kushoto. Alipigia majirani simu, hawakusikia kwa kelele za mawe juu ya mabati yao, na chaji ilikuwa inaisha, kwa hiyo akapiga picha moja kupitia ufa, ikatoka imelala upande, weupe mtupu hadi kwenye nguzo, akaituma mahali ambapo alijua watu mia mbili hamsini na sita wataiona, akaandika, "Tumeangukiwa na paa, Timau, mtusaidie." Simu ikazima.

Marehemu alikuwa uani hapa Kiganjo, jua linawaka, mlima uko wazi upande wake, chombo chake hakina tone. Akasahau kitu ambacho kila mtu wa huku anakijua, kwamba mlima ni mpana, upande mmoja waweza kuwa unaanika nguo na mwingine unazama. Akaandika, "Si yetu. Hakuna kiberiti, hakuna saa. Niko nje hapa, mlima uko wazi, kipimo iko sifuri. Hii ni theluji ya ng'ambo, tusichezeane akili."

Basi vicheko. Mmoja akabandika dubu mweupe ananunua viazi, mwingine akaandika kwamba pengwini wamepanga foleni ya githeri Timau, mwingine akamwambia Ngendo ahamishie kura yake huko ncha ya kaskazini. Yahye, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, ambaye yuko hapa na ameruhusu yasemwe, alikuwa kilomita nne tu kutoka pale na lori tupu na vijana sita, alishaanza kugeuza, kisha akasoma neno la Afande, akacheka, akaenda zake nyumbani. Ngendo na Mwai walitolewa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na vibarua wa shamba la maua waliokuwa wakitoka kazini. Daktari alisema mguu ungefika saa moja mapema ungeokolewa. Mwai alikatwa mguu usiku huo, na Ngendo aliyasoma yale ya pengwini asubuhi, kwenye benchi la hospitali, kwa simu ya kuazima.

Marehemu alijua alipopigiwa simu na Wangui wa redio. Mama Nasirumbi anasema aliketi chini kando ya ule ua wa seng'enge hadi chai ikapoa mara mbili, kisha akaandika kwenye kundi, "Mimi Ogutu nimemwita mwongo mama aliyekuwa chini ya paa. Ujumbe wangu wa jana usifutwe, kila mtu auone." Na haujafutwa hadi leo.

Siku ya Jumapili akafika Timau kwa miguu kutoka stendi, kofia mkononi, na Ngendo akamwambia langoni maneno ambayo hayafai kusemwa kanisani, na ambayo hajayajutia yote. Hakufunguliwa. Alirudi mara tatu, hakufunguliwa. Mara ya nne Mwai, ambaye sasa alikuwa ametoka hospitali, alimwita kutoka kitini, "Afande, mguu umeenda lakini masikio iko, njoo uongee," wakaongea lango likiwa kati yao, na Ngendo akakaa jikoni akigonga masufuria ili asisikie.

Tangu hapo marehemu alibadilisha sheria yake. Kiberiti alikitoa. Ikija picha ya kutisha, alipiga simu kwanza, na swali lake lilikuwa moja, "Nani yuko chini ya nini?" Ndipo watu waruhusiwe kucheka. Mwezi wa Aprili 2024 Magdaline, mwalimu wa Naro Moru, alituma picha ya mto umefurika, watu wakaanza kuandika kwamba samaki wamepata lifti, marehemu akapiga simu ndani ya dakika moja, akaambiwa Magdaline yuko juu ya paa la gari lake katikati ya maji hayo hayo, akaamsha kituo cha polisi na vijana wa soko, na mwalimu akatolewa kabla giza halijaingia. Yule pale, safu ya tatu, ana kitambaa cha kijani.

Kwa Ngendo ilichukua karibu miaka miwili. Tarehe 17 Machi 2020, jioni, mawe yalinyesha tena Timau, na kabla hajatuma chochote kwa mtu yeyote simu ikalia, ni Afande, akamwita kwa jina la binti yake Shiro kama ilivyo heshima, akauliza, "Mama Shiro, nyote mko salama?" Ngendo akajibu kwamba wako salama, mawe ni kama maharagwe, amepima kwa sufuria, maji ni kama kidole. Akangoja aulizwe picha. Akangoja aulizwe kiberiti. Akasikia kalamu ikikwaruza daftari, kisha marehemu akasema, "Nimeandika, Mama Shiro. Neno lako linatosha." Ngendo alikata simu akalia, akalia sana, kwa mara ya kwanza tangu ghala lile, na wiki iliyofuata alimfungulia lango, naye akaja na kipima mvua kipya begani, wakakisimika pamoja, Mwai akiwaelekeza kwa gongo lake la kutembelea na kuwaambia wote wawili kwamba hawajui kuchimba shimo. Tangu siku hiyo, kila saa tatu asubuhi, nambari ya Timau ilitoka kwa Ngendo ikaenda Kiganjo, na haikuulizwa hata mara moja.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka wa 2023, akawa anaenda Nyeri kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, hakulalamika, aliwapimia manesi urefu wa foleni tu. Alilazwa tarehe 19 Oktoba 2025. Wiki ya mwisho alimwita Ngendo, akamwambia aandike karatasi hii, na uandishi ulipofika kwenye jambo la Timau Ngendo akataka kuliruka, kwa heshima, akamzuia kwa ile sauti ya gwaride iliyokuwa imebaki kidogo, akasema, "Watu huamini kila kitu kinachosomwa mazishini. Nilikuita mwongo mbele ya watu, sasa nataka watu hao hao wakusikilize, na hakuna atakayeuliza kiberiti." Aliaga dunia siku ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nane na dakika kumi mchana, Mama Nasirumbi akiwa amemshika mkono, na atazikwa kesho Jumamosi huko Ugenya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hadi mwisho, majirani wa Kiganjo walioleta kuni, viti na vyakula bila kuombwa, maafande waliofanya naye kazi na watakaombeba leo, Wangui na wenzake wa redio, Yahye aliyetoa malori mawili ya kusafirisha waombolezaji hadi Ugenya na kusema asishukuriwe, na nyote wa Mawingu ya Mlima, ambao kwa siku kumi hamjaweka kichekesho hata kimoja, jambo ambalo marehemu asingelipenda, kwa hiyo kuanzia kesho mrudie.

Karatasi imeisha, na hapa mnisamehe niseme mimi. Leo saa tatu asubuhi nimesoma kipimo cha Afande pale kwake, jinsi alivyonifundisha, jicho usawa wa maji, nikakuta milimita kumi na tisa. Sikupiga picha. Omondi ana daftari la babake hapo mbele, na naona ameshaandika. Pumzika kwa amani, Afande, neno langu limetosha.