Ujumbe Ambao Haukufika Kilelengwani: Bi. Priscilla Dhadho Anastaafu

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba toleo jipya kabisa la programu ya kompyuta ndilo bora. Toleo la majaribio ni chungu ambacho hakijachomwa: umbo lipo, urembo upo, lakini ukikitia maji utabaki na tope mikononi. Bi. Priscilla Dhadho, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka ishirini na sita katika kituo chetu cha tahadhari ya mafuriko hapa Garsen, amekuwa akiwafundisha hivyo wafanyakazi wapya wote. Alilijua jambo hilo kuliko sisi. Ndiyo maana haya yanayofuata yanamchoma, na ni yeye aliyeomba yaandikwe humu badala ya sifa zake.

Alianza kazi akisoma kina cha mto kwenye nguzo zenye alama na kupeleka habari Hola kwa simu ya upepo. Baadaye kituo kilipata programu huria ya kutuma tahadhari kwa simu. Programu huria, kwa asiyeijua, ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha, na kuwarudishia wenzake alichorekebisha. Watengenezaji wake hutoa toleo thabiti, lililokwisha kupimwa, na toleo la majaribio, linalobadilika karibu kila siku, kwa wale walio tayari kuwawindia wenzao kasoro.

Mama Hope, kama tunavyomwita Bi. Priscilla, alikuwa mwindaji hodari. Alilitumia la majaribio kwenye kompyuta yake ya nyumbani, na kila ripoti ya kasoro aliianza kwa salamu na kuulizia familia. Mwanzoni watengenezaji walishangaa. Baada ya muda, mhandisi mmoja wa nchi za mbali akawa anamjibu kwa kumweleza kwanza maendeleo ya mguu wa mama yake.

Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kuitafsiri programu ile kwa Kipokomo. Alibishana na wazee wa kijiji cha Chara juu ya kila neno, akapeleka tafsiri, ikakubaliwa. Lakini iliingizwa katika toleo la majaribio tu. Toleo thabiti lingeipata baada ya miezi kadhaa, na masika yalikuwa mlangoni.

Hakuweza kungoja. Alitaka watu wa Kilelengwani, kijiji cha wakulima Wapokomo kando ya mto, wasome tahadhari kwa lugha yao ya mama, basi akaliweka toleo la majaribio kwenye kompyuta ya ofisi, ile moja tu inayotuma tahadhari. Maji yalipopanda Hola, juu ya mto, alituma. Skrini ikasema zote zimetumwa. Za Kiswahili zilikwenda. Za Kipokomo zilibaki ndani ya mashine.

Mzee Abduba, mfugaji wa Kiorma, aliipata yake kwa Kiswahili. Akiwa anahamishia ng'ombe wake mahali pa juu, alipita Kilelengwani akawaambia wakulima watoke, mto unakuja. Wakatazama simu zao. Kimya. Wakadhani anataka mashamba yabaki matupu apate kulisha mifugo, wakamfukuza kwa matusi. Kesho yake mto ukaingia. Hatukumzika mtu, namshukuru Mungu, lakini mpunga uliokaribia kuvunwa ulilala majini, na akina mama walitolewa kwa mitumbwi wakiwa wamebeba watoto na sufuria.

Ofisini palitolewa wazo kwamba taarifa iseme mtandao wa simu ulikatika. Nani angebisha? Mama Hope alibisha. Alirudisha toleo thabiti, kisha akaieleza kasoro kwenye ukurasa wa wazi wa mradi, kwa jina lake, pamoja na yaliyowapata watu. Safari hii hakutanguliza salamu. Watengenezaji waligundua kwamba ujumbe wa lugha zote mpya ulipangwa kwenye foleni isiyokuwa na amri ya kuutoa. Wakairekebisha, na toleo thabiti lililofuata likawafikia wengine likiwa salama.

Kisha akaenda Kilelengwani. Alisimama barazani, Abduba akiwapo, akasema mzee huyu aliwaambia kweli, na simu zilinyamaza kwa haraka yake yeye.

Margaret, mkulima wa mpunga, alimjibu: "Kumbe sisi ndio panya wa majaribio, Mama Hope? Haya. Mashine ni yako, lakini midomo iliyomtukana mzee wa watu mbele ya wanawe ilikuwa yetu."

Watu wote wakainamisha macho. Abduba akakohoa, akasema, "Mimi nimezoea. Siku ile ng'ombe tu ndio iliniamini."

Walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa kizito.

Leo ofisi ina kompyuta kuukuu iliyotengwa kwa majaribio tu, na Margaret alijitolea kupokea ujumbe wake, ambao kila mmoja huanza kwa neno "Jaribio". Amekwisha kutuonyesha kasoro mbili. Hata hivyo aibu haijatutoka. Wako watu Kilelengwani ambao hadi sasa, tahadhari ikifika, hawaokoti hata mkeka mpaka wamwone Abduba akihamisha ng'ombe. Mama Hope anatuachia kazi ya kuirudisha imani yao, na anasema inamnyima usingizi kuliko kustaafu.

Mama Hope, asante kwa miaka yote, kwa maneno ya Kipokomo yanayowafikia watu sasa, na kwa kukataa tusingizie mtandao. Mungu akupe afya, shamba lako la Chara likupe mavuno, na wajukuu wakuache upumzike kidogo.

Nawe unayebaki kazini: neno "imetumwa" kwenye skrini ni dai la mashine tu. Leo, mpigie simu mkulima mmoja wa Kilelengwani, umuulize kama ujumbe wa asubuhi umemfikia.