Kinsi Hirsi Bare, Mwenye Mashua ya Kisiwani

*Maneno yaliyosomwa na mdogo wake, Aden Hirsi, nyumbani kwa marehemu, Garissa, Jumapili tarehe 10 Desemba 1967*

Tumetoka kumzika dada yetu Kinsi. Kabla hamjatawanyika, naomba mnisikilize kidogo, maana wengi wenu mlimjua akiwa muuza maziwa hapa sokoni, na miaka yake ya ziwani mmeisikia kwa uvumi tu.

Marehemu alizaliwa Kotile yapata mwaka 1920, katika msimu ambao Tana ilifurika hadi mazizini. Alikuwa binti wa kwanza wa mzee Hirsi Bare na mama yetu, Ebla. Shule hakuiona. Alisoma Kurani kwa mjomba wetu, na Kiswahili alikiokota hapa Garissa kwa kubishana na wanunuzi. Alikisema kwa lafudhi yetu, bila haya, na aliyemcheka alilazimika kurudia alichokisema mpaka kicheko kimwishe.

Mwaka 1939 aliolewa na Ogle Shukri, mfanyabiashara wa ng'ombe. Mungu aliwajalia watoto wawili: Raho, na baada ya miaka mingi ya kungoja, Shukri. Ilikuwa nyumba ya kelele na ya ukarimu. Ogle aliuawa tarehe 14 Machi 1964, akiwa njiani na mifugo yake. Risasi ilitoka upande gani, mpaka leo hatujui. Ng'ombe walitoweka. Kabla eda ya mama yake haijaisha, Shukri aliingia msituni na kujiunga na wapiganaji waliopigana na serikali.

Eda ilipokwisha, marehemu alinifuata kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Rudolf, nilikokuwa na duka. Nilikuwa na mashua ya injini ya kubebea samaki wakavu na chumvi. Nahodha wangu alikuwa Lenapir, mvuvi wa kabila la pale pale. Siku moja Lenapir alimshawishi avuke naye kwenda kisiwa cha kusini, mlima wa moto uliozima kitambo na kuachwa katikati ya maji. Dada yangu alikuwa mtu wa ng'ombe, maji aliyajua ya kunywesha tu. Lenapir alisimulia kwamba dada alifumba macho na kusoma dua njia nzima, na alipoambiwa wamefika aliuliza, "Tumefika wapi, kisiwani au akhera?"

Alirudi jioni amebadilika. Hakukuwa na mtu kule, wala lori, wala mlio wa bunduki, ila mawe meusi, majivu yaliyoganda na mbuzi wa mwituni. Aliniambia, "Aden, kule nimejisikia nikipumua. Watu wanapaswa kupelekwa."

"Watu gani, wakati huu wa vita?"

"Wakati huu hasa."

Nilimwachia mashua, na kweli aliwapeleka. Walikuwa walimu, wauguzi, wasafiri waliokwama, na akina mama wa ufuoni ambao walikiona kisiwa maisha yao yote bila kukikanyaga. Waliondoka upepo ukilala, wakapanda hadi kwenye mdomo wa ule mlima, wakanywa chai ya maziwa ya ngamia kivulini mwa miamba, na kabla ya magharibi wamerudi. Sharti lake lilikuwa moja: silaha haipandi mashuani. Kuna ofisa mmoja wa polisi aliyekuja na bastola kiunoni. Alipoambiwa aiache alikasirika akaondoka. Jumapili iliyofuata alirudi na kandambili na kofia ya majani, akaulizia nafasi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengine humlaumu kwalo.

Septemba 1965 Shukri alitokea dukani kwangu adhuhuri, amekonda, yuko na wenzake wawili. Mama yake alimkumbatia, akamlisha, akamtazama akila. Alipomaliza alisema, "Hooyo, mama yangu, tunaihitaji ile mashua. Tuna mizigo ya kuvusha kesho."

"Mizigo ya bunduki?"

Shukri aliwageukia wenzake.

"Mashua ile hubeba watu wanaokwenda na kurudi jioni," marehemu alisema. "Sitakupa."

"Waliomuua baba, wewe unawapikia chai."

"Nani aliyemuua baba yako? Nitajie jina, nami nitakupa mashua."

Kijana aliinuka. Mwenzake ndiye aliyesema kwamba kesho wataichukua, kwa ridhaa au bila ridhaa. Wakaondoka. Siku hiyo hiyo tulikuwa tumeambiwa kwamba askari nao walikuwa njiani kuja kuitwaa mashua kwa doria.

Nilimsihi dada yangu aiache ichukuliwe na yeyote atakayetangulia. Alimwita Lenapir, wakaitoa injini na kuifukia chini ya samadi zizini kwangu. Kisha wakaisukuma mashua hadi kwenye ghuba ndogo yenye matete, wakaijaza mawe, wakang'oa kizibo cha chini. Marehemu alisimama majini mpaka kifuani, yeye aliyekuwa akiyaogopa maji, akaishikilia mpaka ikazama sawasawa.

Shukri alirudi akaukuta ufuo mtupu. Alimtazama mama yake, akageuka, akaenda zake. Askari walipofika walimuuliza mashua iko wapi.

"Imezama."

"Nani aliizamisha?"

"Mimi."

Kwa neno hilo alizuiliwa hadi Januari 1966, akiulizwa alikuwa akimficha nani. Hakumtaja mwanawe. Huko ndiko kifua kilikoanza kumsumbua. Alipoachiliwa, kitu cha kwanza alichotaka ni kamba. Sisi na wavuvi tuliiopoa mashua, Lenapir akaziba nyufa na kuirudisha injini, na mwezi Aprili wauguzi wawili walikunywa chai kisiwani.

Aliendelea mpaka kifua kilipomzidi. Agosti mwaka huu nilimrudisha hapa nyumbani kwake, anapoishi Raho, na alitibiwa kwa bidii. Bunduki ziliponyamaza, katikati ya Novemba, Shukri aliingia katika ua huu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda siku nzima. Mwishowe marehemu ndiye aliyeanza.

"Umenikasirikia?"

"Nilikasirika, Hooyo."

"Ungekuja leo kuiomba, ningekunyima tena."

Shukri alimwinamia, akaiweka miguu ya mama yake mapajani mwake, akaikanda mpaka mama akalala. Tangu siku hiyo ndiye aliyembeba kila alipotaka kutoka nje.

Marehemu alifariki jana, tarehe 9 Desemba, katika wiki ya kwanza ya Ramadhani, baada ya sala ya alfajiri, mikononi mwa bintiye. Ameacha watoto wawili, Raho na Shukri, mkwe wake, Dabasso, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, na Lenapir, ambaye hajui bado, na ambaye nitakwenda kumwambia mwenyewe.

Mola amsamehe, ampanulie kaburi lake, na ampe pumziko tulivu. Amin.