Kadi ya Kamera ya Mzee Reino

Benchi letu liko mbele ya duka la Marlys, huku juu kabisa Michigan, pale barabara ya changarawe inapoingia msitu wa serikali. Marlys anauza chambo, mafuta ya gari, mishale, mikate ya nyama na viazi, na kahawa inayoweza kuondoa kutu. Benchi lenyewe ni ubao wa mwerezi juu ya magogo mawili, na lina mabonde matatu yaliyochongwa na makalio matatu. Bonde la kushoto ni la Gordy Perreault, tunayemwita Mabuti kwa sababu mabuti yake ya mpira hayavuliwi hata kanisani. La kati ni la Clifford Ruona, yaani Profesa, aliyeendesha lori la magogo miaka thelathini huku akisikiliza vipindi vya elimu redioni, kila kipindi nusu, maana mawimbi hukatika akishuka bondeni. La kulia ni langu, Denny Trevarrow. Mimi naitwa Hatua Mia, kwa sababu nimewahi kumlaza kulungu kwa mshale kutoka hatua mia moja, upepo ukinipiga usoni. Anayebisha aje nimwonyeshe mti niliokuwa nimekaa juu yake.

Asubuhi hiyo ilikuwa wiki ya tatu ya Oktoba, msimu wa kuwinda kwa upinde. Saa nne hivi tulikuwa tumeshuka kutoka madungu yetu ya mitini mikono mitupu, pua nyekundu, kila mtu na kikombe chake cha karatasi. Mabuti ndiye aliyeleta habari.

— Kadi haipo, alisema.

— Kadi gani? akauliza Profesa.

— Ya kamera ya marehemu Reino. Bi Ailie aliniomba niende kule kwenye kinamasi cha mierezi nikamtolee kadi. Nimekwenda jana. Kamera ipo, mkanda umekaza, betri nzima. Nafungua kimlango, pale pa kadi peupe kama fizi ya kichanga.

— Umemwambia?

— Nimemwambia. Amesema asante, akafunga mlango. Polepole. Afadhali angeubamiza.

Hapa niwaambie jambo mapema, maana mimi ni mwongo wa mambo ya porini tu, mengine nasema kama yalivyo. Kadi niliichukua mimi.

Kwetu kamera ya mtego, ile inayofungwa mtini ikapiga yenyewe picha ya kila kinachopita, haiguswi ikiwa ya mtu mwingine. Msitu ni wa wote; unaweza kupita chini ya dungu la mwenzio, unaweza kuchuma uyoga kando ya njia yake, asikuseme. Lakini ukikuta kamera yake imefungwa mtini, unavua kofia, unaitazama usoni ili mwenyewe akija kuangalia picha ajue ni nani aliyepita na kwamba hakuwa na la kuficha, kisha unaenda zako. Hilo halijaandikwa popote. Mtoto wa hapa analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Mzee Reino Sippola, mume wa Bi Ailie, tulimzika mwisho wa Septemba. Nilibeba jeneza, upande wa kulia. Siku kumi na mbili baadaye nilivuta kofia ya koti mpaka machoni, nikaizunguka kamera yake kwa nyuma isinione, nikaifungua. Nilijiambia: mwenyewe hayupo, nani atauliza? Nilikuwa namtaka dume mmoja mwenye pembe za ncha kumi na mbili, ambaye Reino alikuwa akimtaja kidogo kisha ananyamaza na kutabasamu, mpaka unatamani kumkaba. Nikazipitisha picha kwenye simu pale pale. Dume nikamwona, mara mbili. Halafu, kwa kuwa kadi yangu ilikuwa imejaa, nikaichomeka ya Reino kwenye kamera yangu mwenyewe. Kamera ikauliza: futa zote? Nikabonyeza ndiyo, kama mtu anavyozima taa chumbani kwake. Ninavyowaambia, wakati tunakunywa kahawa ile, kadi ya Reino ilikuwa mtini kwangu ng'ambo ya kijito, imejaa picha za kindi.

Kwa hiyo Mabuti aliposema kadi haipo, nilimeza funda la moto likaniunguza mpaka kifuani, nikawa wa kwanza kusema.

— Watu wa kusini ya daraja hao, wawindaji wa mjini.

— Hata mimi nimewaza hivyo, akasema Mabuti. Wale wa juzi, makoti mapya, yana harufu ya dukani. Wanafunga kamera sita kwenye mti mmoja kama wanauza.

— Haiwezekani, akasema Profesa. Mtu wa kusini akiiba hachagui. Angebeba kamera, mkanda, na mti akaufunga juu ya gari.

— Sasa nani, Profesa?

— Dubu.

— Dubu!

— Dubu, bwana. Reino alikuwa anakula samaki wa kukaushwa, anafungua kamera kwa mikono ile ile. Dubu ananusa samaki umbali wa maili ishirini. Nilisikia redioni.

Marlys alikuwa ametoka na birika kubwa kutuongezea. Mama huyu hana haraka ya kusema, lakini akisema unatafuta pa kujificha.

— Dubu akatoa kadi, akafunga na kimlango? aliuliza.

— Dubu wa siku hizi wametuona tukifanya, akasema Profesa. Tunawaonyesha kila siku.

— Na mkanda hakuukwaruza?

— Kucha alikunja.

Mabuti alitema mate kando.

— Mimi nasema bwana nyama, yule askari wa wanyamapori. Anapita kimya kimya anakusanya kadi za watu, anahesabu nani amepita na nini. Mwaka juzi alijua nina samaki wawili wa ziada kabla sijawatoa majini.

— Alijua kwa sababu ulimpigia kelele Hatua Mia kutoka ng'ambo ya ziwa, akasema Marlys. Mpaka mimi hapa nilisikia.

— Basi kama si bwana nyama ni satelaiti, akasema Profesa, kisha akashusha sauti. Siku hizi satelaiti inavuta picha kutoka juu. Inavuta kwa nguvu mpaka kadi inapata joto, inayeyuka. Haibaki kitu.

— Ingebaki plastiki.

— Plastiki ya siku hizi, Mabuti? Unaijua wewe?

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini walikuwa wanakwenda vizuri mbali na mimi, nikaona niwasukume kidogo.

— Nyote hamjui, nikasema. Ni dume mwenyewe.

— Dume gani?

— Yule mkubwa wa Reino. Sikilizeni. Mkono wa Reino una chumvi ya samaki, sivyo? Kulungu anapenda nini? Chumvi. Analamba kile kimlango usiku mmoja, usiku wa pili, wa tatu, mpaka kinalegea. Ulimi unaingia. Kadi inanata kwenye ulimi, anaimeza. Kimlango kinajirudia chenyewe, kina springi. Mimi nimewahi kumwona kulungu akifungua geti la bustani ya mama mkwe wangu kwa ulimi, akaingia, akala maharage, akatoka, akarudishia geti. Niliapa siku ile sitampiga, kwa adabu yake.

Mabuti alicheka mpaka kahawa ikamwagikia mabuti. Profesa hakucheka, alikuwa anaupima ulimi wa kulungu hewani kwa vidole viwili.

— Springi ipo, alisema. Hilo la springi ni kweli.

Marlys alinimiminia kahawa bila kutazama kikombe. Alikuwa ananitazama mimi.

— Hatua Mia, leo unasaidia sana kufikiri.

— Nasikitika tu, Marlys. Reino alikuwa rafiki yangu.

Neno hilo lilitoka vizuri kabisa. Nilikuwa nimelitumia makaburini, halikuwa na shida yoyote. Mara hii liliponitoka nikalisikia.

— Lakini hebu tuulizane, nikaongeza haraka, mti si wa serikali? Msitu si wa umma? Kwa hiyo hata picha iliyopigwa pale, ukifuata sheria sawasawa, ni ya umma.

— Choo cha pale bustani ya mji ni cha umma, akasema Marlys. Ukimkuta mtu ndani unamfungulia mlango?

— Ah, hiyo ni tofauti.

— Niambie tofauti.

— Choo kina mtu ndani, Marlys. Kamera ya Reino...

Profesa alikuwa ameacha kupima ulimi. Mabuti akaangalia barabara, na nikashukuru kwamba kuna kitu cha kuangalia, mpaka nilipokiona. Ilikuwa pikapu ya Reino. Ilizimika mara mbili kabla ya kufika pampu, maana Bi Ailie hajaizoea. Miaka yote alikaa upande wa abiria na mfuko wa kufuma mapajani.

Akashuka. Sote watatu tukasimama kama watoto wa shule. Bi Ailie hajawahi kukaa kwenye benchi letu. Alikaa kwenye bonde langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesogea mbali zaidi.

— Msinyamaze kwa ajili yangu, alisema. Mlikuwa mnasemaje?

— Tulikuwa tunasema dubu, Bi Ailie, akasema Mabuti. Profesa ndiye aliyesema.

— Na huyu akasema kulungu, Profesa akajitetea, kidole kwangu.

— Kulungu, Bi Ailie alirudia, bila kejeli, kama anayeandika.

Marlys alimpa kikombe. Alikishika kwa mikono miwili, hakunywa.

— Nyama ya mwaka jana bado imejaa kwenye friza, alisema. Dume wenu simtaki. Hata kadi yenyewe anayo aliyenayo, akae nayo. Na jina lake sitaki, maana nitakutana naye kanisani na kwenye mnada wa keki, nitashindwa kumsalimia. Nilikuwa na swali moja tu.

Alikishusha kikombe mapajani.

— Reino kila alipokwenda kubadilisha betri alisimama mbele ya kamera akanifanyia kichekesho. Mmoja tu. Mara ameweka uyoga sikioni kama simu. Mara amegeuza kofia, ametoa ulimi. Mara moja alifungua koti, ndani amevaa aproni yangu ya jikoni. Alitembea nayo saa nzima kinamasini kwa ajili ya picha hiyo. Jumapili tunaweka kadi kwenye kompyuta, tunakaa mezani. Ananipitishia kulungu wote taratibu, huyu mwone, na huyu mwone, ananichelewesha makusudi, mpaka tunafika kwake. Safari ya mwisho alikwenda Jumanne. Alhamisi alikufa. Jumapili haikufika.

Alikunywa funda moja, akaufuta ukingo wa kikombe kwa kidole gumba.

— Aliyeichukua ameiona. Kwa hiyo naomba aniambie tu. Aandike kwenye karatasi amwachie Marlys. Alifanya nini safari hii?

Mabuti aliinamisha kichwa. Profesa alifungua mdomo, na redio zote za miaka thelathini hazikumpa neno. Wao hawakuwa na jibu na hawakuwa na kosa.

Mimi nilikuwa na majibu kumi. Msinione najisifu, kusema uongo mzuri ndiyo kazi niliyopewa na Mungu. Ningeweza kumwambia Reino alikuwa amejifunga majani ya mwerezi kichwani kama bibi harusi. Ningeweza kumwambia ameshika kipande cha mkate wa nyama anailisha kamera. Angecheka pale pale, na machozi, na angekwenda nacho nyumbani, na mimi ningekuwa nimemfanyia jambo jema. Nililiona lote, limekamilika, mpaka kofia yake na rangi yake.

Nikajaribu kwanza kukumbuka lile la kweli. Nakumbuka rangi ya machungwa, ya fulana ya mwindaji. Nakumbuka umbo la mtu karibu mno, kitu fulani juu, pengine mkono, pengine tawi. Baada ya hapo nakumbuka kidole changu. Mtu, ruka. Mtu, ruka. Nilikuwa nawaruka watu wote kwa haraka ili nifike kwa wanyama. Dunia nzima mimi peke yangu ndiye niliyeiona picha ile, na mimi nilikuwa nimeisukuma pembeni kama pazia.

— Sikuangalia, nikasema.

Mabuti alinyanyua kichwa. Marlys aliweka birika chini, juu ya changarawe, kitu ambacho hafanyi. Profesa alikuwa bado anageuza lile neno kichwani, nikaona limemfikia polepole, na aliposogea, alisogea upande wa Mabuti.

— Na nimeifuta, Bi Ailie. Nilidhani... Hapana, sikudhani chochote. Nilibonyeza tu.

Sasa nilitaka anitukane. Nilikuwa nimekaza shingo kulisubiri tusi, hata kofi, mbele ya watu wangu wawili, na ningesimulia kofi hilo mpaka nizeeke. Bi Ailie, akiwa bado kwenye bonde langu la benchi, alinigeukia. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa unataka kuelewa.

— Ikiwa hukumwangalia yeye, aliuliza, ulikuwa unaangalia nini?

Pembe. Jibu ni pembe, nililijua, lilikuwa mdomoni tayari, na sikuweza kulitoa mbele ya yule mama. Hakuwa ananisuta. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia kwa mwenyeji, na akabaki akinitazama, anasubiri.