Siku Bubu Alipozungumza

Benchi letu liko mbele ya geti la halmashauri, hatua chache tu kutoka ukumbi wa madiwani. Mimi hushona viatu hapo. Karani, mstaafu wa ofisi hiyohiyo, hufika saa mbili asubuhi kana kwamba bado anasaini kitabu cha mahudhurio. Breki ni dereva wa greda la halmashauri, ambalo huu mwaka wa pili halijawaka. Dada wa Kahawa hutumiminia na kutusuta. Asubuhi hiyo habari ilikuwa moja tu: diwani wa kata ya mwisho, kule ambako bahari inakula nyumba, tuliyembandika jina la Bubu kwa kuwa miaka minne hajafungua mdomo kikaoni, jana alisimama akazungumza karibu saa nzima kuhusu zahanati ya kwao. Tulimwona akitoka anafuta machozi, mwenyekiti kamshika bega.

— Anautaka uenyekiti huyo, akasema Breki. Machozi yale ni ya kampeni.

— Kampeni gani, na watu wake zimebaki kaya sitini? Karani akamkata. Nimekaa ofisi hii miaka thelathini, nisikilize mimi. Pale kuna mwekezaji anautaka ufukwe.

— Ufukwe upi, mzee wangu? Maji yameshafika kwenye choo cha zahanati!

— Ndiyo maana ana haraka.

Dada wa Kahawa akacheka mpaka birika likamtikisika.

— Nyie wanaume hamwoni mbali. Chini ya ile zahanati kuna gesi. Wale wapimaji waliokuja na fito za rangi, mnadhani walikuwa wanapima upepo?

— Walikuwa wanapima barabara, Breki akasema.

— Ya kwenda wapi, baharini?

Hapo nami ulimi ukaniwasha. Nikasema nimesikia halmashauri nzima inahamishiwa milimani. Sikusikia popote, nilitunga palepale, sindano mkononi. Karani akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema hata yeye alishadokezwa.

Kumbe kuna mama alikuwa amesimama pembeni, tope limemkaukia miguuni hadi magotini. Tukamsogezea nafasi, hakukaa.

— Hamjambo, kaka zangu.

— Hatujambo, dada. Karibu.

— Natoka kata ya huyo mnayemsema. Nimeanza kutembea alfajiri. Mkwe wangu ana mimba ya miezi minane, na nesi katuambia kwamba kikao cha jana ndicho kinaamua kama zahanati inafungwa. Eti, diwani wetu alisema nini?

Karani akakohoa. Breki akainamia kikombe chake.

— Alisema... mambo ya zahanati, nikajibu.

— Mambo gani?

Nikachomeka sindano kwenye soli. Mama akatutazama mmoja mmoja.

— Kwani wananchi hawaruhusiwi kuingia?

— Wanaruhusiwa, Karani akasema, sauti imemshuka. Kuna viti ishirini vya wananchi, kule nyuma.

— Na nyinyi jana mlikuwa wapi?

— Hapahapa, akasema Breki.

Hakutulaumu. Kahawa aliikataa kwa adabu, akautengeneza mtandio wake, akaingia getini kwenda kuuliza mwenyewe. Tukabaki tunautazama mlango wa ukumbi, uko wazi kama ulivyokuwa jana. Karani ndiye aliyenyanyuka kwanza, akamfuata mama getini.