Jelop wa Saboti

Mwaka huo wa tisini na moja chuo chetu kilikuwa kimefungwa, nikarudi Kitale kumimina kahawa ya shangazi, maana miguu ilikuwa inamsumbua. Benchi lake linatazamana na karakana ya Festus, fundi wa majeneza na mwenye ile Pijo nyeusi ya kubeba maiti. Tangu Pasaka mikono ya Festus inatetemeka, kwa hivyo binti yake Peris ndiye anapiga randa, anaendesha gari na kuandika majina kwenye misalaba. Jumamosi wazee wa ukoo wanatoka Kanduyi kuamua kama karakana itabaki kwa Peris au itapewa binamu yake, kijana asiyejua msumari una ncha upande gani. Na mashahidi walioitwa ni akina nani? Wanaume watatu wa benchi hili, ambao mwaka mzima hawajainua kitu kizito kuliko kikombe.

Jumanne walipata la kusema. Huko Saboti, kabla mama mmoja aitwaye Jerop hajazikwa, wanawake wa boma walisoma msalaba wakakuta JELOP. Wakakataa. Mwili ulikaa chini ya turubai nusu siku, mpaka Peris akaenda tena na brashi.

Alianza Breki, dereva aliyelaza lori mtaroni Kiminini na tangu hapo anaendesha mdomo tu.

Breki: Ni rangi bana. Ile harufu ikiingia mwanamke kichwani, herufi zinamtoka.

Mimi: Na mwanamume?

Breki: Mwanamume anavuta sigara. Inazuia.

Askofu, ambaye hana kanisa wala waumini, akafuta mdomo.

Askofu: Nyinyi mnaona karibu. Kule juu kuna rejista. Malaika anaita Jerop, mama anasema niko. Msalaba unaangaliwa, ati Jelop. Si anaambiwa rudi Saboti ulete kitambulisho? Ndiyo wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Breki: Hiyo methali inaingia wapi hapo?

Askofu: Inaingia polepole.

Wa tatu ni Wekoye, tunamwita Karani. Zamani aliandika katika ofisi ya chifu, akaondoka huko na kalamu ya wino wa kijani, na sasa huwaandikia barua wasiojua kuandika. Ulimi wake ni wa Bungoma, l na r hubadilishana viti. Wangu pia, nikikasirika, kwa hivyo siucheki ulimi. Nacheka mzigo unaobeba.

Karani: Hiyo yote ni kitu kidogo. Mahari furani kuna Jelop mzima. Ameamka Jumanne, kumbe ameandikwa amekufa. Ataanza kukonda. Akifa, jeneza itatoka wapi? Kwa Pelis. Mnaona biashala?

Wakatikisa vichwa, ati wameona.

Mimi: Karani, marehemu aliitwa nani?

Karani: Si Jelop.

Mimi: Na Peris aliandika nani?

Karani: Aliandika Jelop. Sasa huoni kosa, na wewe ni mtu wa chuo?

Kwenye mdahalo ningemwomba mwenyekiti amkalishe chini. Hapa alikuwa amekaa tayari.

Karani: Jumamosi nitawaambia wazee, kazi ya majina haiwezi mwanamke. Kijana apewe kalakana. Ameniahidi meza. Nitakaa hapo na karamu yangu, niandike.

Karamu. Kwa mara ya kwanza ulimi wake ulisema kweli.

Hapo akaja mama wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, vumbi la Saboti hadi magotini. Alikuwa anatoka karakana ya Peris.

— Hamjambo wazee. Mimi ni Chepkemoi. Jerop alikuwa mama yangu.

Askofu akavua kofia. Karani akasogea ampishe.

— Nilikuja kumshukuru huyo msichana. Alitoka huku mbio, akasimama na sisi mpaka udongo wa mwisho. Nimemuuliza jina liliharibika vipi, akanionyesha karatasi aliyopewa na ndugu yangu Kibiwott. Yeye alinakili tu. Na Kibiwott hajui kuandika. Anasema alisaidiwa hapa mjini, kwa benchi ya kahawa.

Akaifungua, akailaza kwenye benchi katikati yao. JELOP. Wino wa kijani, na ile J yenye mkia kama wa panya.

— Sitaki ugomvi. Nauliza tu. Huu mwandiko ni wa nani?

Breki alikuta tope kwenye kiatu chake. Askofu, mwenye kuona mbali, aliangalia ndani ya kikombe. Kalamu ya kijani ilikuwa bado mfukoni mwa Karani, na polepole akaifunika kwa mkono, kama mtu anayeshikwa na kifua.

— Nekesa, akaniambia kwa sauti ndogo, ongeza kahawa.

— Imeisha.

Nikamwomba Chepkemoi aniachie karatasi hadi wazee wa Kanduyi wafike. Akakubali. Nikaiweka chini ya birika. Lilikuwa bado zito, karatasi haingepeperuka.