Nyumba ya Mgeni wa Ndooni

Asubuhi ile kwenye baraza la Wingwi, katikati ya benchi iliwekwa ndoo ya rangi, kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari. Ndani alikuwamo tarantula, buibui mkubwa wa manyoya, mali ya Ashraf, mtoto wa dada yake Haroub, anayesomea viumbe hao. Sanduku la kioo alimokuwa akikaa lilivunjika, naye Ashraf alikuwa na safari ya Unguja, basi akamwachia mjomba wake amana: amtafutie nyumba ya kumtosha kabla hajarudi. Haroub alikubali kwa mbwembwe. Tangu hapo usingizi hana, maana mende tu humtia mbio, na amana ikiharibika mkononi mwake, uso ataupeleka wapi? Leo Ashraf anarudi. Bahati nzuri, baraza lile lina wataalamu.

— Ashraf kasema isiwe kubwa, alianza Haroub. Mara tatu ya upana wa miguu yake, basi. Wala isiwe ndefu kwenda juu. Akianguka hupasuka tumbo.

— Ashraf mtoto, alisema Jecha Injinia, aliyeanza kujenga kwake kabla hajaoa, sasa ana wajukuu na bati bado. Mgeni wa amana hatiwi kisandukuni. Mpe ukumbi, chumba, na choo uani. Na hicho choo kisielekee kibla.

— Buibui huenda choo? aliuliza Haroub.

— Kwani weye huendi?

Zubeir Dokta, muuza panadoli dukani, alitikisa kichwa kwa huruma ya kitabibu.

— Yakhe, shida hewa. Manyoya yale kwa joto hili, atapata pumu. Mpeni chumba kizima, na feni juu.

— Chumba cha nani? aliuliza Injinia.

— Cha Haroub. Mie kwangu nna watu.

Silima Kapteni, mtu wa Kojani, kisiwa cha wavuvi, na Mkojani pekee anayetapika chomboni, aliweka kikombe chini.

— Feni ya nini? Mtieni demani. Mtego ule una hewa pande zote, na aingiaye hatoki.

— Hatoki samaki! alisema Dokta. Huyu si atapita matunduni?

— Basi mfungeni kamba mguuni.

— Mguu upi? Anayo minane!

— Yote.

Injinia hakukubali kushindwa. Alishuka benchini, akachora kiwanja mchangani kwa kijiti, na njia ya gari akaitia. Haroub aliutazama mchoro, akaona kweli wenzake wanamzamisha. Alitaka kulia.

Hapo akafika Bi Mwanamize, muuza vitumbua, kufuata sahani zake. Alisikiliza kidogo, akaitazama ndoo.

— Nyumba mara tatu ya miguu yake, sivyo?

— Ndivyo, Bi Mwanamize.

— Na hiyo miguu mmeipima?

Injinia alifuta mchoro kwa kandambili. Dokta alichungulia kikombe kitupu.

— Hamjafungua? Tangu kaondoka Ashraf? Sasa mwajuaje kama yu hai?

Haroub aliweka kiganja juu ya kifuniko, akakiondoa. Wenzake wote watatu wakakumbuka adhuhuri, wakainuka kwenda kutia udhu, na adhana ilikuwa mbali bado.

Bi Mwanamize aliziweka sahani chini, akakaa benchini.

— Haya, Haroub. Fungua.